Mto Luiche na Somo Linalopita Mbele ya Shule

Mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kufika kidato cha tatu, awe wa Kigoma au wa Ujiji, aghalabu aweza kueleza bila kusita jinsi delta ya mto Nile ilivyoumbika, na kuchora mito ya Ulaya pamoja na bandari zake. Lakini akiulizwa maji ya mto Luiche yanatoka wapi, yanapokea vijito gani njiani, na yanabeba kitu gani yanapoingia ziwani hatua chache kusini ya Ujiji, hunyamaza. Si kosa lake. Hakuna aliyemfundisha, na ramani iliyotundikwa ukutani darasani huuonyesha mto huo kama uzi mwembamba usio na jina, kama unaonyeshwa kabisa.

Jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Mto huu ndio unaomwagilia mpunga na kustawisha michikichi ya bonde lililo mlangoni mwa mji. Ndio unaoamua ufukwe wa Ujiji uwe wa mchanga, wa matete au wa tope. Na ndio unaoshusha ziwani udongo wa mashamba ya milimani. Hoja ya makala haya ni kwamba mito midogo ya aina hii yapasa kuwa mahali pa kuanzia somo la jiografia katika shule za mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kwamba wanafunzi wenyewe wana uwezo wa kuipima kwa namna itakayowafaa hata wataalamu.

Kwanza na utazamwe mwendo wenyewe. Luiche huanzia katika nyanda za juu za upande wa Kasulu, kaskazini mashariki ya Kigoma, katika nchi ya Waha, ambako vilima vyenye majani mafupi hupita kimo cha mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770. Kwa hiyo maji yanayoanza safari milimani huteremka zaidi ya mita 500 kabla ya kufika ziwani, na umbali wenyewe si mrefu: gari likitoka Kasulu asubuhi hufika Kigoma mchana. Mto unaoshuka kiasi hicho katika masafa mafupi hauna muda wa kupumzika. Huko juu mabonde yake ni membamba na yenye kingo kali, na vijito vyake hukauka au hubaki uzi tu kati ya Juni na Septemba, kisha huvimba kwa saa chache tu baada ya mvua ya Novemba. Miongoni mwa mito inayouingia ni Mungonya, na Mkuti unaotoka upande wa mashariki. Baada ya kuipokea mito hiyo, Luiche hutoka katika vilima na kuingia uwanda, na hapo tabia yake hubadilika kabisa: kasi hupungua, mkondo huanza kujipinda, kingo hushuka, na maji ya masika hutapakaa mashambani. Mwisho hupita katika matete na kuingia ziwani.

Mtu anayeutazama uwanda huo anatazama kazi ya mto. Maji yaendayo kasi hubeba changarawe na mchanga. Kasi ikipungua huziacha changarawe kwanza, kisha mchanga mnene, kisha mchanga laini, na tope jembamba huendelea hadi ziwani. Uwezo wa mkondo wa kusukuma mawe hauongezeki kwa kulingana na kasi tu, bali kwa haraka zaidi. Kasi ikiwa maradufu, mawe yanayoweza kusukumwa huwa mazito mara nyingi zaidi ya mbili. Ndiyo maana gharika moja ya usiku mmoja yaweza kufanya kazi ambayo mto haukuifanya katika miezi sita ya kiangazi. Uwanda wa Luiche umejengwa kwa gharika kama hizo, tabaka juu ya tabaka, nao ni ardhi nzuri kwa sababu hiyo hiyo: rutuba yake ni ngozi iliyobanduliwa milimani. Mkulima wa mpunga wa bondeni hupata kile alichopoteza mkulima wa mahindi wa mlimani, ingawa hao wawili huenda hawajapata kuonana.

Historia nayo imepita juu ya mto huu bila kuugeukia. Mnamo Novemba 1871, Henry Stanley aliyekuwa akimtafuta Dakta Livingstone aliufikia mji wa Ujiji kwa kutokea mashariki, na katika hatua za mwisho za safari yake alivuka Mkuti, kisha Luiche. Vitabu vya shule vimehifadhi mwembe waliokutana chini yake na maneno yanayosemekana walisalimiana. Mito miwili iliyowachosha wapagazi siku hizo imeachwa. Lakini wasafiri hao hao wanatoa mfano mzuri kuliko wote wa thamani ya kujua mto mdogo unaelekea wapi. Wakati huo wanajiografia wa Ulaya walikuwa wakibishana kuhusu chanzo cha Nile, na wako walioamini kwamba mto Rusizi, ulio ncha ya kaskazini ya ziwa, unatoka ziwani kwenda kaskazini. Burton na Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, walisafiri kwa mitumbwi hadi Uvira, na huko wenyeji wakawaambia waziwazi kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Hawakufika kuuona mto wenyewe, na ubishi ukaendelea Ulaya kwa miaka mingine kumi na mitatu. Mwishoni mwa 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji, wakafika mlangoni mwa Rusizi, wakaona kwa macho yao kwamba maji yanaingia. Suala lililojaza kurasa za majarida ya kijiografia likaisha kwa kutazama mkondo. Wavuvi walikuwa wakilijua jawabu siku zote.

Kinyume chake, mlango wa kutokea maji uko upande wa magharibi, nao ni mmoja tu: mto Lukuga, ambao Cameron aliufikia mwaka 1874, na ambao humwaga maji katika Lualaba na hatimaye Kongo. Hapa ndipo kisa cha Ujiji kinapoanza kuwa kigumu, na hapa ndipo watu wengi hukosea.

Mgeni anayepelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone mjini Ujiji hushangaa kukuta kwamba maji yako mbali, ilhali habari za kale zinasimulia mji wa pwani ambao majahazi na mitumbwi ilitia nanga karibu na masoko. Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba mto Luiche umejaza mchanga ufukweni. Jibu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Stanley alipozunguka ziwa mwaka 1876 aliukuta mlango wa Lukuga umezibwa na matope na mimea, na ziwa likiwa linapanda. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi hicho. Edward Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji, aliukuta Lukuga mwaka 1879 ukitoka kwa nguvu. Katika miongo iliyofuata ziwa lilishuka kiasi cha mita kumi. Mita kumi kwenye ukuta wa mwamba ni alama tu ya unyevu. Lakini kwenye ufukwe ulioinama kwa mita moja katika kila mita hamsini, kushuka kwa mita kumi huacha nchi kavu ya mita mia tano. Ufukwe wa Ujiji umeinama polepole namna hiyo, nao umeinama polepole kwa sababu mto na mawimbi vimeutandaza mchanga mahali hapo kwa karne nyingi. Kwa hiyo Lukuga uliyaondoa maji, na mashapo ndiyo yaliyofanya kuondoka kwake kuwe kukubwa kiasi kile. Mwanafunzi anayejifunza kutenganisha sababu hizi mbili, na kuuliza kila moja ilichangia nini, amejifunza sayansi. Anayekariri kwamba mchanga ulijaza bandari hajajifunza kitu.

Tofauti kati ya Ujiji na Kigoma yafafanuliwa na jambo hilo hilo. Miji hii miwili imekaribiana kiasi cha kuwa manispaa moja, lakini Kigoma imekaa katika ghuba yenye kina, iliyozungukwa na vilima vya mawe, mbali na mlango wa mto wowote mkubwa. Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914 ilimalizikia Kigoma, si Ujiji, ijapokuwa Ujiji ndio uliokuwa mji mkongwe wenye soko na sifa. Meli kubwa zahitaji kina, na mahali mto unapotandaza mchanga hapana kina. Si vibaya kusema kwamba Luiche, pasipo kujua, ulipiga kura katika uamuzi huo.

Haya ni ya zamani. Yaliyo ya sasa ni mazito zaidi.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal, na lina umri wa mamilioni ya miaka. Mtu akisikia hesabu hizo hufikiri kwamba ziwa kubwa hivi haliwezi kudhuriwa na mto ambao mtoto aweza kuuvuka kiangazi. Fikira hiyo ni potofu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba uhai hauenei katika ziwa zima. Oksijeni haishuki zaidi ya mita mia moja hadi mia mbili za juu. Chini ya hapo kuna giza na maji yasiyoweza kulea samaki. Na katika tabaka hilo la juu, sehemu yenye viumbe wa aina nyingi kupita zote ni ukanda mwembamba wa mawe na mchanga kando ya nchi kavu, ambako wanaishi samaki wa jamii ya sikilidi, wapatao spishi 200 na zaidi, karibu wote wasiopatikana mahali pengine duniani. Huo ndio ukanda unaopokea tope la mito. Sababu ya pili ni kwamba ziwa hili halijisafishi upesi. Sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa kugeuka mvuke juani, na kidogo tu hutoka kwa Lukuga. Mvuke hauchukui tope. Kinachoingia hubaki.

Namna tope linavyodhuru si fumbo. Samaki wengi wa ukanda wa mawe hula mwani unaoota juu ya mawe, na mwani wahitaji mwanga. Maji yakichafuka, mwanga hupungua; tope likitua, hufunika mwani wenyewe; na nafasi zilizo kati ya mawe, ambazo samaki hufichia mayai na makinda, huzibwa. Konokono na wadudu wadogo wa majini hupungua pia. Samaki mkubwa aweza kuhamia mahali pengine, lakini wengi wa sikilidi hawa hawavuki hata ghuba moja ya mchanga maisha yao yote; jabali walilozaliwa ndiyo nchi yao.

Ushahidi upo, na uko karibu. Kaskazini ya Kigoma iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968 na inayojulikana ulimwenguni kwa sokwe wake. Vijito vyake huteremka katika miteremko mikali iliyofunikwa na misitu. Mpakani kwa upande wa kaskazini kuna kijiji cha Mwamgongo, chenye kijito chake, miteremko mikali ile ile na mvua ile ile, lakini milima yake imelimwa na miti imekatwa. Ni kana kwamba maumbile yametayarisha jaribio la maabara: kila kitu kiko sawa isipokuwa kimoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi walizamisha mabomba katika sakafu ya ziwa mbele ya milango ya mito kadhaa ya mwambao wa Tanzania, pamoja na ile ya Gombe na Mwamgongo, wakatoa nguzo za tope zilizohifadhi tabaka za miaka mingi, wakazisoma kama mtu asomavyo kurasa. Mbele ya mabonde yaliyofyekwa misitu, tope lilikuwa limeanza kutua kwa haraka zaidi katika karne ya 20, na baadhi ya sampuli zilionyesha ongezeko la ghafula mapema katika miaka ya 1960, wakati wa mvua kubwa za 1961 na 1962. Mvua hizo zilinyesha kote, misituni na mashambani. Udongo uliopatikana bila kinga ndio ulioshuka kwa wingi.

Hapa lazima tahadhari itolewe, maana ni rahisi kumtwisha mkulima wa jembe la mkono lawama zote. Watu wa Kigoma hawakupanda miteremkoni kwa ukaidi. Operesheni ya vijiji iliyoanza mkoani mwaka 1972 ilikusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika, na ardhi iliyo karibu na kijiji ikalimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa. Katika miaka ya 1990 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi na Zaire waliingia mkoani, nao walihitaji kuni na miti ya kujengea kama binadamu wengine wote. Idadi ya watu imeongezeka. Mtu mwenye watoto sita na ekari moja ya mlima hulima mlima. Anachohitaji ni matuta yanayofuata usawa wa mlima, miti ya kushikilia udongo, na bei ya mazao itakayomfanya asihitaji kulima hadi ukingoni mwa maji. Hahitaji kusomewa hotuba.

Vile vile ni kosa kusema kwamba kupungua kwa dagaa na migebuka sokoni kumeletwa na tope la mito. Samaki hao huishi katika maji mapana, mbali na mawe. Wao wanasumbuliwa na uvuvi uliozidi, na kwa kadiri wanasayansi walivyoonyesha tangu mwaka 2003, na kupanda kwa joto la maji, kunakozuia maji ya chini yenye virutubisho yasichanganyike na ya juu. Tanzania ilipositisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ilishughulikia sehemu moja ya tatizo. Hatua hiyo ilistahili. Lakini nyavu zinaweza kufungiwa ghalani. Mto haufungiki, na mvua za mwisho wa mwaka ule ziliushusha udongo wa mlimani kama kawaida yake.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ile ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 imeweka usimamizi wa maji mikononi mwa bodi za mabonde, na bonde la Ziwa Tanganyika lina bodi yake. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilitia saini mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003. Vyombo havikosekani. Kinachokosekana ni macho ya kutosha, yaliyo karibu na maji, yanayotazama kila wiki. Kituo kimoja cha kupimia maji, hata kikiwa kizuri namna gani, chaweza kusema tope kiasi gani limepita chini ya daraja moja. Hakiwezi kusema ni kijito gani kati ya ishirini kilichouleta mzigo huo. Ili kulijua hilo hapana budi watu wachote maji mahali pengi siku moja, saa moja. Hakuna idara inayoweza kumudu kutuma watumishi ishirini asubuhi moja. Shule zinaweza, kwa kuwa ziko tayari mahali hapo: milimani, katikati, uwandani na mjini, zote juu ya mto mmoja na vijito vyake.

Vifaa ni vya kawaida. Panapo daraja, upana wa mto hupimwa kwa kamba yenye mafundo, na kina hupimwa kwa mti ulioandikwa sentimita, mahali kadhaa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, kisha wastani hutafutwa. Kasi hupatikana kwa kutupa chungwa au ndimu mtoni na kuhesabu sekunde litakazochukua kupita masafa yaliyopimwa; chungwa huzama nusu, kwa hiyo upepo hauliyumbishi sana. Kwa kuwa maji ya juu huenda upesi kuliko ya chini, jawabu huzidishwa kwa 0.8. Mathalani, mto wenye upana wa mita 8 na kina cha wastani cha nusu mita una eneo la mita za mraba 4. Chungwa likipita mita 20 kwa sekunde 40, kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde, na kasi ya wastani ni 0.4. Basi mto huo unapitisha mita za ujazo 1.6, yaani lita 1,600, katika kila sekunde. Sasa lita moja ya maji hayo ichujwe, karatasi ikaushwe na kupimwa katika mizani ya maabara. Tuseme tope lililobaki ni gramu moja. Gramu moja haionekani kuwa kitu. Lakini mto unabeba kilo 1.6 kila sekunde, kilo 5,760 kila saa, na zaidi ya tani 138 kwa siku, ambazo ni shehena ya malori ishirini ya tani saba. Tarakimu hizi ni za mfano wa hesabu, si kipimo cha Luiche. Kipimo cha Luiche chastahili kutoka kwa wanaouvuka kila siku kwenda shule.

Walimu watakaokwenda mtoni na wanafunzi wakumbuke mambo mawili. Kichocho kipo katika maji ya sehemu hizi, kwa hiyo asiingie mtu mtoni bila sababu. Kuchotea darajani kwa ndoo yenye kamba kunatosha. Na wakati wa gharika, ambao ndio wenye habari nyingi kuliko wakati mwingine wowote, pia ndio wakati wa kukaa mbali na ukingo. Karibu na ziwa, kwenye matete, wenyeji waulizwe habari za mamba kabla ya jambo lolote.

Yako mapingamizi. Mwalimu atasema kwamba muhtasari wa masomo umejaa, na mtihani wa taifa hauulizi habari za Luiche. Ni kweli. Lakini mtihani huuliza habari za hatua za mto, utuaji wa mashapo, delta, mmomonyoko na kusoma ramani, na hakuna lolote kati ya hayo lisiloonekana kati ya Kasulu na Ujiji. Mwanafunzi aliyeona mchanga ukitengana na changarawe penye pindo la Luiche hatahitaji kukariri aya ya kitabu kuhusu mto asioujua. Wengine watasema kwamba vipimo vya wanafunzi havitegemeki. Kipimo kimoja hakitegemeki, naam. Vipimo mia mbili vya namna moja, vilivyofanywa na vidato vinavyofuatana katika kipindi cha miaka kumi, na kuandikwa katika daftari moja lisilopotea kila mwalimu anapohamishwa, ni hazina. Huenda daftari hilo likawa ndicho kifaa kigumu kupatikana kuliko vyote. Katika miaka ya Mradi wa Nyanza, ulioanza mwaka 1998, wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka Marekani na kutoka nchi zinazolizunguka ziwa walikuja Kigoma kila kiangazi kufanya utafiti wa aina hii hii, na kazi zao zimesomwa na wataalamu. Walikuwa vijana wenye umri unaozidi wa kidato cha sita kwa miaka michache tu, na wengi wao hawakuwa wamepata kuliona ziwa kabla ya hapo.

Ziwa lenyewe limeongeza haraka ya jambo hili. Baada ya kupanda hadi kilele mwaka 1964 na kushuka tena, lilipanda upya katika miaka ya karibuni, na kati ya 2020 na 2024 maji yalifunika sehemu za gati na fukwe zake. Ziwa likipanda, mlango wa mto hurudi nyuma, mkondo hupoteza kasi mapema zaidi, na mchanga uliokuwa ukienda ziwani hutua uwandani, mashambani mwa mpunga. Likishuka, mto huchimba upya mchanga huo na kuusukuma mbele. Kwa hiyo mkulima wa bonde la Luiche anatawaliwa kwa wakati mmoja na majembe ya Kasulu yaliyo juu yake na mlango wa Lukuga ulio ng'ambo ya ziwa, katika nchi nyingine.

Shule nne zatosha kwa kuanzia. Moja iwe karibu na vyanzo, moja juu ya Mkuti, moja juu ya Mungonya, na moja Ujiji. Siku ya kwanza iwe mwanzoni mwa Novemba, mvua zikishanyesha mara mbili au tatu; saa moja asubuhi kila shule ichote lita moja, iandike saa, kimo cha maji na hali ya mvua ya jana yake. Chupa zote zipelekwe mahali pamoja, zipangwe dirishani kwa kufuata mwendo wa mto, ziachwe kucha zitulie. Kesho yake tope litakuwa limekaa chini, nene katika chupa moja na jembamba katika nyingine, na mwanafunzi wa kwanza kuingia darasani atajua mahali pa kwenda kuangalia.